Filimbi Sikioni mwa Loveness

Loveness Gidamis alianza kutengeneza muziki katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la pembejeo la kaka yake, huko Balangdalalu. Kazi alifundishwa na Felician, prodyuza wa Mbulu mjini. Siku ya kuagana, Felician alimwambia, "Shika mtindo mmoja kwanza. Anza na kwaya, umekulia humo. Ukiumudu, ongeza mwingine."

"Huku kwetu, kaka, ukichagua utakaa bure," Loveness alijibu akicheka.

Akawapokea wote: kwaya, vijana wa rapu, wa bongo fleva, na wale wa singeli kutoka Basotu waliotaka mdundo wa kupasua spika. Kwa kuwa hakukuwa na mtindo alioumudu, kila wimbo aliurudia mno, hedifoni masikioni, akiongeza sauti ili agundue kosa liko wapi. Akitoka kwenye singeli aliingia kwenye rapu bila kupumzika.

Filimbi ilianza taratibu, nyembamba kama mbu sikioni. Mwanzoni akilala iliisha. Baadaye akawa anaamka nayo.

Asubuhi moja mama yake alimwuliza, "Hivi vifaranga vinalilia wapi?"

Loveness alitega sikio. Upepo aliusikia. Vifaranga hakuvisikia kabisa. Alidhani mama anazeeka.

Kisha Mama Juliana, kiongozi wa kwaya, akaja na waimbaji wake kusikiliza wimbo wao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tusikie."

Loveness alibonyeza. Kwake wimbo ulikuwa laini, labda laini kupita kiasi. Alipogeuka aliwakuta wanawake wameziba masikio, na Scolastica, msichana wa sauti ya pili, amekunja uso kama anayeumwa jino.

"Zima!" Mama Juliana alisema. "Hayo matoazi yanakata kama wembe. Wewe huyasikii?"

Chumba kizima kilimwangalia. Akazima.

Hospitalini daktari alimpima na kusema polepole, akimtazama usoni: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki akilinde. Loveness aliwakataa vijana wa singeli, akawakataa na wa rapu. Akabaki na kwaya tu, kwa sauti ya chini, Scolastica akikaa kando yake na kuinua mkono kila panapokwaruza. Felician alipopigiwa simu alisema tu, "Pole, dada."

Wiki iliyopita walikuwa wanarekodi wimbo wa mavuno. Loveness aliwasimamisha.

"Sauti ya pili, tamkeni maneno. Mnaguna tu."

Wakarudia. Aliusikia wimbo ukipanda na kushuka, lakini neno hata moja hakulipata. Alimtazama Scolastica, ambaye alikuwa ametulia, mkono mapajani.

"Sawa," Loveness alisema. "Hapo pamekaa vizuri."

Hakuna aliyejibu. Au walijibu.