Redio za Mkono na Salamu za Mzee Kilonzo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya idara ya maji mjini Kitui, Fundi Mkuu alinisukumia kreti kwa mguu. "Kijana, hizi zimekufa. Zifufue." Ndani mlikuwa na redio za mkono, zile za kubonyeza kitufe na kusema, kila moja nzito kama tofali. Wajenzi wa barabara kule Mtito Andei walikuwa wamezitumia mpaka wakazichoka, ndipo tukapewa sisi. Nyinyi mnajua mitumba ya nguo. Sisi tulikuwa na mitumba ya redio.

Ugonjwa wao mara nyingi ulikuwa mmoja. Betri zilisahauliwa ndani zikatapika, na vyuma vya kushikia betri vikaota kutu ya kijani. Tulivisugua kwa mswaki na maji ya ndimu, tukavikausha, halafu tukatia solda kwenye kila waya ulioachia. Kristali ndiyo iliyokuwa na maringo. Hicho ni kipande kidogo kinachoamua redio itanasa wimbi gani, na redio mbili zisipokuwa na kristali za namna moja, hata ukizilaza kitanda kimoja hazisikilizani. "Kama bibi na bwana," Fundi Mkuu alisema. Yeye alikuwa na bibi wawili, kwa hivyo sikubishana naye.

Kutoka Kitui nilipelekwa Sultan Hamud, na huko nilifunzwa subira, maana vipuri havikuja. Ukitaka spika, ulichinja redio moja ili nyingine zipone. Betri za tochi zilizochoka tulizianika juani juu ya bati, na jioni zilikuwa na nguvu kidogo tena. Vijana mkisikia hayo mnacheka. Chekeni tu, lakini zilifanya kazi.

Kisha nikahamishiwa nyumbani, chini ya milima ya Mbooni. Mwethya wetu, yaani majirani wanaofanya kazi pamoja, leo kwako kesho kwangu, ulikuwa ukijenga ukuta wa mawe na simiti katikati ya mto. Ukuta huzuia mchanga, na mchanga huficha maji mpaka kiangazi. Wengi walikuwa akina mama, na kiongozi wao alikuwa mama yangu mzazi.

Mito yetu ni ya hila. Jua linakuchoma utosini, mchanga umekauka kabisa, kumbe mvua imenyesha juu huko Kikima na maji yanashuka kwa kasi. Anayechimba msingi mle ndani hana habari. Ndiyo maana tulimweka Mzee Kilonzo kwenye mwamba, mbali kule juu, na redio moja. Ya pili Mama aliivaa shingoni kwa leso. Kusema kweli, usingizi wangu ulipungua siku zile. Kama solda yangu ingeachia, ni mama yangu ambaye angekuwa ndani ya mto.

Tatizo la Mzee Kilonzo lilikuwa salamu. Kwanza alimuuliza Mama kwa Kikamba chetu kama ni mzima:

"Mama Mutiso, wi museo?"

"Ni museo, Mzee."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na yule mbuzi wa kuchechemea?"

"Amepona, asante Mungu."

Hapo ndipo alipokuwa akisema, "Haya, mto uko sawa."

Msimamizi wa Mradi wa ukuta, bosi wangu pale, alipandwa na hasira. Siku moja aliiomba redio kwa Mama akafoka, "Mzee, sema habari ya mto peke yake! Unatumalizia betri!"

"Bwana Msimamizi," sauti ikajibu kwa upole, "nimpe mama wa watu habari za mto kabla ya kumjulia hali? Mimi nimelelewa."

Msimamizi akanigeukia. "Mutiso, tengeneza hiyo kitu." Nitengeneze nini, jamani, adabu ya mzee? Niliongeza betri za kuanika, basi.

Ikafika siku yenyewe. Kwetu mbingu ilikuwa nyeupe, na akina mama walikuwa wakiimba ndani ya msingi, majembe yakienda pamoja. Nilikuwa ukingoni nikisugua kutu. Mara redio ya Mama ikakoroma: "Mama Mutiso, to..." Halafu ikawa kelele tupu, kama mahindi kwenye kikaango.

Mimi fundi nilidhani ni waya umeachia. Nikanyoosha mkono na kumwambia, "Mama, ilete niiangalie." Hakuileta. Aliinua uso akatazama juu kule mto unakotoka.

"Huyo ni Kilonzo," alisema. "Na hajanisalimia."

Akatupa jembe. "Tokeni! Tokeni wote! Acheni vyombo!"

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Msimamizi mwenyewe alirukia mchangani akawavuta wakongwe kwa mikono, viatu vyake vikabaki huko. Mama alipanda wa mwisho, nami nikamshika kiganja kilichojaa simiti. Tulikuwa bado tunahema maji yalipotokea kwenye kona, mekundu, yamebeba miti mizima. Karai, toroli, ngazi, vyote vikaenda. Watu wote walikuwa juu. Nililia mbele ya bosi wangu wala sikuona haya.

Mzee Kilonzo alifika baadaye, amekuja mbio na umri ule, redio kifuani. Alimwendea Mama moja kwa moja na kuvua kofia.

"Mama Mutiso, unisamehe. Leo nimekosa adabu." Akavuta pumzi. "Wi museo?"

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. "Ni museo, Mzee. Sisi sote tu wazima."

Nilistaafu zamani. Mama na Mzee Kilonzo wamelala makaburini, na ukuta tuliujenga upya. Ng'ombe bado wanakunywa pale. Redio ya Mama iko dirishani kwangu, na kila mwezi naifungua na kufuta vyuma vyake, ingawa ile ya kuongea nayo haipo tena. Wajukuu wamenipa simu. Wakipiga wanaanza tu, "Babu, uko wapi?" Hakuna habari ya asubuhi wala ya mbuzi. Nao hushangaa kwa nini babu yao, badala ya kujibu, huuliza kwanza, "Kumetokea nini? Mko wote?"