Saluni Mbili, Waya Mmoja

Careen aliposhuka kutoka Mamba, kule milimani, kuja kufungua saluni Lembeni, watu wa kwao walimuuliza kama huko tambarare kuna vichwa. Vichwa vilikuwepo, tena vya kutosha, mpaka Nasrin alipokuja kuvigawana naye.

Nasrin alitoka Same mjini. Alipanga fremu ya pili katika nyumba ya Mzee Swalehe, ukuta kwa ukuta na Careen, akatundika kioo ambacho binti akijitazama tu anajiona kama tayari kachumbiwa. Fremu hizo mbili zilikuwa zinakula umeme wa waya mmoja, na waya wenyewe mzee aliuvuta enzi za balbu moja na redio. Draya mbili zikiwaka kwa pamoja, voteji ilishuka, balbu zikawa nyekundu kama macho ya mlevi. Basi mzee akaweka sheria: anayetaka kuwasha draya abishe ukutani, na asiwashe mpaka mwenzake ajibu kwa kubisha vilevile. Asipojibiwa, asubiri. Wakaizoea. Ukuta ule ulipigwa hodi kuliko mlango wa mjumbe.

Mwanzoni aliyekuwa akibisha zaidi ni Careen. Mwaka haujaisha, mambo yakageuka. Nasrin anabisha, Careen anajibu; Nasrin anabisha tena, Careen anajibu tena. Akawa mlinzi wa geti la umeme wa mwenziwe, mlinzi asiye hata na kofia.

Halafu akaja kwa Careen shangazi wa Husna, binti mmoja wa hapo Lembeni, kununua mafuta ya nywele. Alizungusha macho kwenye viti vitupu, akasema kwa upole kabisa, "Careen mwanangu, siku hizi voteji yako ndogo. Yule Nasrin, mtu ukiingia tu unasikia umeme."

Careen alicheka kile kicheko cha kumsindikizia mgeni mlangoni. Lakini Lembeni ikipewa neno huwa hailirudishi. Vijana wa bodaboda wakalidaka: anayesinzia kijiweni, voteji ndogo, mchezaji aliyekosa penalti, voteji ndogo, bwana harusi aliyeogopa kucheza mbele ya wakwe, huyo naye voteji imekata. Hata Mlutheri mmoja aliyesali na Careen, wakitoka ibadani, alisema mahubiri ya siku hiyo yalikuwa na voteji. Kila Careen alipolisikia aliona linamtazama yeye.

Bado angelimeza. Asiyemezeka alikuwa Husna.

Husna binti Abdulmajid alianza kusukwa na Careen akiwa chekechea. Alisukwa mtindo wa twende kilioni huku kweli analia, kichwa kimebanwa katikati ya magoti, ubuyu mkononi wa kumnyamazisha. Siku moja, machozi yamekauka na mdomo mwekundu, mtoto yule aliahidi kwamba siku ya harusi yake atasukwa na Anti Careen na si mtu mwingine. Watoto huahidi mengi, hata kununua ndege. Careen aliiweka ile ahadi kama mtu anavyoweka kitenge cha sikukuu.

Siku ya harusi ikafika. Ndoa ilikuwa ifungwe alasiri. Careen alifagia, akafuta kiti, akavaa gauni alilokuwa analitunza kwa Krismasi. Gari likasimama nje. Husna akashuka, akamwamkia shikamoo nzuri yenye adabu zote, Careen akaitika marahaba. Kisha bibi harusi akaingia mlango wa pili.

Ukuta ukabishwa. Mkono wa Careen ukajibu wenyewe, kwa mazoea, na upande wa pili draya ikaanza kunguruma. Kikafuata kicheko. Cha Husna, alikijua. Alikaa akikisikiliza. Alijiambia hataki ubaya. Alitaka balbu za Nasrin zififie kidogo tu, Husna ainue macho, aone kwamba hata yule voteji yake inashuka. Akainuka, akachomeka birika, akachomeka pasi ya nywele, akaishusha draya juu ya kiti kisicho na mtu na kuiwasha. Hakubisha.

Draya ilikausha kiti kwa muda mfupi sana. Swichi kubwa ya Mzee Swalehe ikatoa cheche, ikatoa moshi, nyumba nzima ikanuka plastiki iliyoungua. Mzee akaja na kandambili moja mguuni, akainusa swichi yake kama mtu anayenusa maziwa, akasema imekufa. Fundi yuko Mwanga. Akiwahi sana, atafika jioni.

Nasrin alitokea mlangoni amemshika Husna mkono. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekauka na umelala vizuri. Upande wa pili ulikuwa bado na rola, unadondosha maji begani. Bibi harusi nusu.

"Anti," Husna alisema, midomo ikimtetemeka kama alipokuwa chekechea, "nisuke."

Wakatandika mkeka nyuma ya nyumba, kwenye jua na ule upepo wa Lembeni unaokausha hata mate mdomoni. Nasrin akasimama akiwakinga vumbi kwa khanga. Husna akakaa chini, kichwa kikarudi mahali pake katikati ya magoti. Ndicho Careen alichokitaka tangu asubuhi, na sasa kilimlemea kama mzigo wa tangawizi. Alichana, akagawa njia, akasuka misuko myembamba ya kurudi nyuma, ya kulala vizuri chini ya ushungi. Vidole havikukosea. Roho ndiyo iliyokuwa inakosea mistari.

"Nisamehe dada," Nasrin alisema. "Draya ilikuwa inapiga kelele. Sikusikia ulipobisha."

Ilikuwa njia ya kutorokea, tena imefagiliwa. Careen alimaliza msuko uliokuwa mkononi.

"Sikubisha."

Khanga ilitikisika kidogo. Husna alitaka kugeuka, akavutwa nywele, akatulia.

"Najua," Nasrin alisema. "Ule ukuta nakaa nao mimi pia. Kaza huo wa sikioni, utafumuka."

Careen akakaza.

Husna aliolewa alasiri ile, kwa wakati, na shangazi mtu akawaambia wanawake wote kwamba misuko ile ilikuwa na voteji. Careen hakuwepo kusikia. Aliletewa pilau, akala na kuacha nyama, kama mtu aliyeona hakuistahili.

Jumatatu swichi mpya ilikuwa imefungwa. Asubuhi, chai haijapoa, ukuta ukabishwa. Nasrin alikuwa ameshapata kichwa. Careen aliweka kikombe chini, akautazama ukuta, akauacha usubiri kidogo, kiasi cha mwenziwe kukumbuka kwamba una pande mbili. Kisha akajibu.