Kinyozi Aliyeitwa Utawani

Mtaani walimwita Wembe, na si kwa sababu ya kazi tu. Kinyozi alikuwa kweli, mwenye kibanda cha bati chenye viti viwili vya kuzunguka na kioo kilichopasuka pembeni, lakini jina lilimganda kwa ajili ya ulimi. Mteja akija na kichwa kilichonyolewa vibaya kwingine, Wembe alimzunguka polepole, akamtazama kisogoni, kisha akauliza, "Huyu aliyekunyoa, mlikuwa na ugomvi?" Benchi zima linaangua kicheko, na mwenye kichwa naye anacheka. Afanye nini, na mashine iko mkononi mwa mwenzake?

Alikuwa anaelekea miaka thelathini na mitano, kitinda mimba na mwanamume pekee nyuma ya dada watatu. Mama yao alikwisha kufariki. Baba yao, mstaafu wa kiwanda cha sabuni, aliishi na Wembe katika nyumba waliyokulia wote, akilalamikia kelele za majirani na kuwakosa sana wakisafiri. Wembe alikuwa na mchumba pia, muuzaji wa duka la dawa ng'ambo ya barabara, mwanamke mpole asiyedanganyika kirahisi. Misa alikwenda kama wengi waendavyo: amechelewa, na amesimama karibu na mlango.

Mambo yalianza kwa mguu wa mtu. Nyuma ya kanisa kulikuwa na konventi ya watawa wa kanzu za kahawia, na bruda mmoja ndiye aliyekuwa akiwanyoa wenzake. Bruda huyo akateleza bafuni, akavunjika mguu. Baada ya wiki kadhaa nywele zikawashinda, wakamwita Wembe.

Alikwenda na mashine yake, shuka na chupa ya spiriti, akitarajia kukuta nyuso za sanamu. Alichokuta ni wanaume wazima kwenye baraza la uani, wanabishana ni nani aliyeacha jiko linawaka mpaka maharage yakaungua. Mmoja mnene, ambaye ndiye aliyekuwa na zamu ya kupika, alijitetea kwa sauti ya dalali. Wembe akatandika shuka kwenye bega la kwanza, akasema, "Nanyoa nywele tu, kesi za maharage sizisikilizi." Wakacheka mpaka yule wa mguu mbovu akaomba wanyamaze, kwa kuwa kicheko kilimtonesha.

Kichwa cha mwisho kilikuwa chumbani. Mtawa mzee alikuwa amepooza upande mmoja, na mkuu wa nyumba mwenyewe alimkalisha, akamwegemeza mto, akamshika kidevu ili Wembe anyoe. Chumba kilikuwa na kitanda, kiti, dirisha na msalaba, basi. Shuka zilikuwa safi. Wembe alipomaliza, mzee alinong'ona maneno yasiyoeleweka.

"Anasemaje?" Wembe akauliza.

"Anasema mkono wako ni mwepesi," mkuu akajibu. "Anasema angependa kuuona na ulimi wako ukinyoa taratibu vile vile."

Wembe alicheka, akakusanya vifaa vyake akaondoka. Njiani hakumtania mtu. Muuza magazeti alimwita mara mbili, akadhani kinyozi ameudhika.

Mguu wa bruda ulipona, lakini Wembe akaendelea kuitwa. "Nimepona," yule bruda alimlalamikia, "ila wenzangu wameonja mkono wako, sasa wangu wanauona wa kufyekea majani." Kwa hiyo kila mwezi alikuwa huko, na baada ya kunyoa alibaki kwa Masifu ya Jioni. Alikaa benchi la nyuma ya kikanisa na kitabu kilichomchanganya, kila mara wengine wako zaburi hii na yeye yuko ile. Siku moja alisinzia hadi kitabu kikaanguka. Hakusikia sauti ikimwita, wala hakuota ndoto. Kilichompata kilikuwa kidogo zaidi ya hapo na kilimsumbua zaidi: akifunga kibanda, miguu ilishika njia ya konventi kabla kichwa hakijaamua. Na akiwa pale, uani, na ndoo za maji zimepangwa ukutani na soksi za watu zimeanikwa kwenye kamba, alijisikia kama aliyefika kwao.

Alikaa na jambo hilo muda mrefu, akilificha kama mtu anayeficha maumivu ya jino. Hatimaye akamwendea mkuu wa nyumba. Alimkuta anatengeneza kitasa cha mlango wa stoo.

"Padri, mtu wa umri wangu anaweza kuingia huku?"

Mkuu hakugeuka. "Kuingia stoo?"

"Utawani."

Hapo akaweka bisibisi chini. Walikaa kwenye magunia, na mkuu hakumpongeza wala hakumwombea. Alimuuliza anakimbia nini.

"Sikimbii kitu."

"Kila mtu ana anachokikimbia. Nataka ukijue tu, usije ukakibeba mpaka huku. Una mchumba, si ndiyo? Kama nyumba hii isingekuwepo, ungemwoa?"

Wembe alifikiri. Angeweza kusema hapana, na mambo yangerahisika. "Ningemwoa," akasema. "Na ningefurahi."

"Vizuri. Mtu asiyeweza kuwa mume hatatufaa sisi. Sasa nenda nyumbani, uendelee kunyoa, uendelee kusali, tuonane kila mwezi. Na mchumba wako usimweke gizani. Kumficha mtu jambo linalomhusu ni wizi."

Hilo la mwisho ndilo lililomnyima raha. Siku nyingi alivuka barabara kwenda duka la dawa, akaishia kununua dawa ya kikohozi asichokuwa nacho. Mwishowe mchumba mwenyewe alifunga duka mchana, akaja kibandani, akawaomba wateja wawili waliokuwa wakingoja watoke kidogo, akaketi walipokuwa wameketi.

"Umenunua kwangu chupa tatu za dawa ya kikohozi," alisema, "na hukohoi. Sema."

Akasema. Alisema vibaya, akirudia rudia, akianzia mwisho na kumalizia mwanzo, yeye aliyesifika mtaa mzima kwa maneno. Mwanamke alimsikiliza hadi alipokwama.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Kila nikikuuliza habari za wiki, unanipa habari za wale watawa. Nani kaumwa, nani kaunguza nini. Nikasema afadhali watawa kuliko wanawake." Akatazama benchi alilokalia. "Kwa hiyo mimi nilikuwa mteja wa benchi. Miaka yote nimekaa nangoja zamu yangu, kumbe kinyozi anafunga duka."

"Sikujua mwenyewe."

"Najua hukujua. Ungekuwa umejua, ningekuchana na hiyo mashine." Alilia kidogo, kwa hasira zaidi ya huzuni, akajifuta kwa taulo ya kibandani, na hata hapo akainusa na kukunja uso. "Usiniombe nikuombee. Siwezi bado. Na usije dukani kwangu kununua chochote. Ukiumwa, kuna maduka mengine." Akatoka. Wateja wakarudi ndani, wakakaa, na Wembe akamnyoa wa kwanza upara ingawa alikuwa ameomba apunguziwe tu.

Kwa dada zake habari ilienea kama moto wa nyasi kavu. Dada mkubwa alifika Jumapili bila hata kupiga hodi.

"Mdogo wangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Una kazi, una mchumba, una baba. Baba atabaki na nani?"

"Atabaki na nyie watatu. Mna waume, mna watoto, mna vyumba."

"Na nyumba hii? Sisi tuliolewa, tukaondoka. Wewe ndiye uliyebaki."

Baba yao alikuwa kwenye kiti chake dirishani, kimya, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alipofungua mdomo aliuliza kama mtoto wake atakuwa padri.

"Hapana, baba. Bruda."

"Yaani hata misa hutaadhimisha?"

"Sitaadhimisha."

"Sasa utafanya nini huko?"

"Nitakachoambiwa. Kupika, kufagia, kulima, kutembelea wagonjwa."

Mzee alimtazama kama anayetazama bidhaa yenye kasoro. "Mtu anaacha mke kwa ajili ya ufagio," akasema, akageukia dirisha. Kwa siku kadhaa baada ya hapo alizungumza na Wembe kwa kupitia redio, yaani aliiongezea sauti kila mtoto wake alipoingia.

Hakuna aliyejua kwamba mzee alikuwa anapanga safari. Asubuhi moja alivaa koti lake la kustaafia, akashika fimbo, akaenda konventi peke yake. Bruda wa mlangoni alimuuliza anamtafuta nani.

"Simtafuti mtu. Mtu anapooa, wazee huenda kutazama ukoo wa mke. Nimekuja kuwatazama."

Mkuu wa nyumba alikuja, akasikia shauri, akasema, "Karibu, mzee. Uanzie wapi?"

"Chooni," alijibu baba yake Wembe.

Akaonyeshwa vyoo. Akaonyeshwa jiko, akafunua sufuria, akaonja kwa kidole. Akauliza kama wanalipana mishahara, akaambiwa hapana. Akauliza mtu akichokozwa na mwenzake anakwenda kushtaki wapi, akaambiwa kwanza amshtaki mwenzake kwa mwenzake mwenyewe. Mnene wa maharage alimpa chai, mzee akaikosoa kuwa na sukari kidogo, akaongezewa. Halafu akipita kwenye ujia alikuta mlango uko wazi. Ndani, bruda aliyewahi kuvunjika mguu alikuwa anamwogesha mtawa aliyepooza, akimgeuza kwa mkono mmoja na kumpangusa kwa mwingine, huku akimsimulia matokeo ya mpira wa jana. Mzee alisimama pale mpaka shuka ikabadilishwa. Kisha akaaga.

Jioni Wembe alirudi nyumbani akakuta redio imezimwa.

"Nimefika kwa watu wako," baba yake alisema.

Wembe akakaa.

"Chai yao mbovu. Vyoo visafi." Akaegemeza fimbo yake ukutani. "Wanaogeshana. Mtu mzima anamwogesha mtu mzima ambaye si baba yake wala si mjomba wake, na hakuna anayeona ajabu. Mama yako nilimwogesha miezi yake ya mwisho, najua kazi ile. Haiwezi mtu wa mchezo." Akavuta pumzi. "Nenda. Mimi nitahamia kwa dada yako mkubwa, nikamsumbue yeye sasa."

Akaenda. Kibanda alikiacha kwa kinyozi mwenzake wa kiti cha pili. Mwaka wa kwanza alikuwa mwombaji tu, mtu wa majaribio bila kanzu, na ndipo alipogundua kwamba kuwatembelea watawa na kuishi nao ni vitu viwili. Penye wengi pana mengi. Mnene wa maharage alikoroma ukuta kwa ukuta. Mwingine aliondoka na miswaki ya watu bila kukumbuka. Nao walichoshwa na ulimi wake, kwani utani unaochekesha mara moja kwa mwezi, ukila nao asubuhi, mchana na jioni, unakuwa mzigo.

Siku moja mezani alimtania mnene juu ya tumbo lake, kama kawaida. Mnene aliweka kijiko chini, akainuka, akaenda kukaa uani. Mkuu hakumkemea Wembe. Alisema tu, "Mama yake alikufa kwa maradhi ya uvimbe wa tumbo, naye kaambiwa akapimwe. Hukujua. Lakini hukuuliza."

Wembe alikwenda chumbani akafunga begi. Kufunga kulichukua dakika chache, alikuwa na vitu vichache. Alikaa kitandani na begi magotini, akajiuliza kwa uaminifu kama anaondoka kwa kuwa hakuitwa au kwa kuwa ameaibika. Jibu halikumpendeza. Akatoka uani, akaketi karibu na mnene, na kwa mara ya kwanza maishani akaomba radhi bila kuongeza kichekesho. Mnene alimwacha aseme yote, kisha akasema, "Kesho nakwenda hospitali. Nisindikize, maana naogopa sindano." Wakaenda pamoja. Vipimo vikatoka salama, na mnene akasherehekea kwa kula mara mbili.

Alipewa kanzu mwaka uliofuata, akaingia unovisi, yaani malezi ya utawa, akaweka nadhiri za muda, halafu za daima. Dada zake watatu walikuja na waume zao, wakapiga vigelegele mpaka bruda wa kinanda akapotewa na noti. Aliyekuwa mchumba wake hakuja. Aliolewa na mwalimu, akahamia mji mwingine, na mara moja alimtumia salamu kupitia kwa mtu, fupi na nzuri.

Nadhiri ya utii ilimpima mapema. Alidhani atapelekwa hospitalini, au kwa vijana, au angalau mahali penye vichwa vya kunyoa. Akapelekwa nyumba ya shamba, akakabidhiwa banda la nguruwe, yeye mtoto wa mjini aliyekuwa akiogopa hata mbuzi. Wiki za mwanzo alilisha akiwa nje ya ukuta, anarusha chakula na kukimbia. Sasa anaingia, anasafisha, na jike likizaa anakaa nalo lisiwalalie watoto. Zipo asubuhi ambazo sala ni kavu kama pumba, anasoma zaburi akiwaza maji ya banda. Zipo siku ambazo hangebadilishana na mtu yeyote.

Baba yake hupiga simu kila Jumapili baada ya misa. Huuliza kwanza kama jike lile jeusi limezaa, wangapi, na kama kuna aliyekufa. Wembe hujibu yote. Kisha mzee husema, "Haya, na wewe je?"