Mgeni wa Sita

Notburga hakumwamini yeyote aliyekuja kuiangalia nyumba yake ya Bombambili. Tangu dalali Aidan aanze kumletea wanunuzi, kila asubuhi alifungia vitenge na redio sandukuni, akatia kufuli stoo ya mahindi, kisha akawafuata wageni unyounyo, chumba hadi chumba. Mwenye macho ya kuzungukazunguka alikuwa mwizi. Aliyesifia sana alikuwa mwizi zaidi.

Mgeni wa sita alikuwa Mwanne, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, mama wa makamo mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama. Mtaa huu siujui kabisa, ndiyo kwanza naufika leo."

"Marahaba," Notburga akaitika, macho yakiwa kwenye mkoba wa mgeni.

Wakafika chumba cha kulala, mapazia yameshushwa, giza tupu. Swichi ya humo fundi aliiweka vibaya, nyuma ya mlango, chini usawa wa goti. Wageni wote watano wa kwanza walipapasa ukuta mpaka Notburga akawawashia mwenyewe.

Mwanne hakupapasa. Aliinama, akapeleka mkono nyuma ya mlango, na taa ikawaka.

"Chumba kizuri," akasema.

Notburga akaitazama ile swichi, kisha akamtazama mgeni. Kwa miaka ishirini, kila mvua zilipoanza, alihamia shambani Madaba, akalala kibandani mpaka palizi iishe. Mumewe, marehemu Hironimus, alibaki mjini peke yake, ati analinda nyumba isiingie wezi.