Tuzo ya Walatino Iliyopitia Malaba

Ujumbe wa sauti wa yule Mkolombia uliingia kwenye simu yangu mchana mmoja nikiwa studio, nikisafisha nyimbo za kwaya moja ya Amagoro ambayo waimbaji wake wa sauti ya nne walikuwa wamekohoa mkanda mzima. Hatukuwa tumewasiliana kwa karibu miaka miwili. Alikuwa anaongea Kiingereza chake cha kujikwaa, mbiombio, huku anacheka. Alisema albamu tuliyoirekodi Malaba imeteuliwa kuwania tuzo ya prodyuza bora, katika zile tuzo kubwa za muziki wa Walatino huko Amerika, na kwamba ameandikisha jina langu kando ya lake. Halafu, kwa sauti ileile ya furaha, akaniomba nimtumie picha ya kitambulisho changu.

Hapo kwenye kitambulisho ndipo nilipoiweka simu chini.

Sisi wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, tumeahidiwa kila kitu. Jirani yangu, mama anayekaanga chipsi mkabala na foleni ya matrela, aliwahi kumtumia kitambulisho mtu aliyesema anampeleka kazini Uarabuni. Kazi haikuonekana, ila polisi walikuja kumuuliza kuhusu laini za simu ambazo hakuwahi kuzisajili. Kwa hiyo sikufurahi. Nilikaa nikatazama ile simu kama mtu anayetazama nyoka akijiuliza kama amekufa.

Jioni nikamsikilizisha mume wangu. Mume wangu ni wakala wa kupitisha mizigo forodhani, na kazi hiyo imemfanya asiamini karatasi yoyote hadi aigeuze na kuitazama kwa nyuma. Alisikiliza ujumbe mara mbili, akaunguza chai, akausikiliza tena.

"Anataka kitambulisho," akasema. "Kesho atataka namba ya benki. Keshokutwa atakuambia tuzo imekwama uwanja wa ndege."

"Lakini ni yeye. Sauti naijua."

"Sauti unaijua. Na anakutafuta wewe kwa nini? Kwani huko kwao hakuna watu wa muziki?"

Nilisikia ndani ya swali hilo swali lingine, la wivu, na lile la pili sikupenda lilivyoanza kuzunguka nyumbani kwetu.

Mkolombia alikuwa amekuja kwa njia ya Kampala, alikokuwa akifundisha wanamuziki. Mpiga ngoma mmoja wa huko, ambaye nilishawahi kumrekodi, ndiye aliyemleta kwangu. Walikuwa wanamtafuta mtu wa kupiga akogo, ile ala yetu ya Wateso, kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Nilimjua mmoja, mzee mfuga nguruwe wa Adungosi. Alikuwa na sifa mbili. Alipiga akogo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, na hakumwamini mtu yeyote mwenye maikrofoni. Wimbo wake uliwahi kutumika redioni kutangaza mbegu za mahindi bila yeye kuulizwa, na tangu siku hiyo kila aliyetaka kumrekodi alikuwa mwizi mpaka athibitishe vinginevyo.

Alikubali kuja kwa sababu nilikuwa nimemrekodi bure mwanawe aliyekuwa kwenye kwaya ya kanisa. Alipofika, akaketi ndani ya studio yangu yenye kuta za magodoro, akaimba kama mtu anayesoma tangazo la chifu. Kila noti ilikuwa mahali pake na wimbo ulikuwa umekufa. Mkolombia alifurahi, akaanza kumwagia ngoma za kwao juu yake, gitaa, kodiani, na vitu vya kompyuta vilivyolia kama sufuria zinazoanguka ngazini. Nilivumilia mpaka nikashindwa.

"Toa kodiani," nikamwambia.

Akatoa.

"Toa na gitaa."

"Yote?"

"Yote. Sasa mzee simsikii kabisa."

Tuligombana siku nzima, yeye kwa Kihispania na mimi kwa Kiteso, na mpiga ngoma wa Kampala katikati akicheka. Kesho yake nikamtoa mzee nje, uani nyuma ya gesti iliyopakana na studio, nikamketisha juu ya kreti ya soda. Nikamwambia aache kuimba kwa sababu ya maikrofoni. Amwite mtu aliye ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, mtu anayejifanya hasikii. Mzee akanitazama vibaya. Lakini akaita. Barabarani matrela yalikuwa yamewasha injini yakisubiri geti, na Mkolombia akataka tungoje yanyamaze. Nikakataa. Ule mngurumo ulikuwa chini kabisa, umelala pamoja na akogo, na mzee alikuwa anaimba juu yake bila kujua. Tukauacha ndani. Baadaye yule Mkolombia aliweka ngoma moja tu ya kwao, laini, mahali nilipomwonyesha kwa kidole. Kisha akaenda zake, nasi tukarudi kwenye maisha yetu.

Kwa hiyo aliposema jina langu liko kando ya lake, sehemu moja ya moyo wangu ilijua ni haki. Sehemu nyingine ilijiuliza ni mgeni gani hukumbuka haki baada ya kuvuka mpaka.

Habari ikavuja, sijui kwa nani. Mama mkwe wangu, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, alinijia akiwa amechangamka.

"Nasikia umepewa tuzo ya Kilatini. Padri anajua?"

"Si Kilatini cha misa, mama. Ni watu wa Amerika Kusini. Ni muziki wa kucheza."

"Wa kucheza?" Uso ukabadilika. "Na mwanangu anajua ni wa kucheza?"

Wengine walianza kunisalimia kwa adabu mpya ambayo haikunipendeza. Mwenye nyumba aliyenipangisha studio alipita kuulizia afya yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatazama mashine zangu moja moja kama anazipima. Mkolombia naye alituma ujumbe tena, kisha tena. Muda ulikuwa unaisha, alisema. Kila alipoharakisha, mume wangu alitikisa kichwa. "Umeona? Anakukimbiza usifikirie."

Nikaamua kumtafuta mtu asiyekuwa na upande. Kwenye zahanati moja ya misheni kulikuwa na sista kutoka Meksiko, mama wa makamo anayechoma watoto sindano huku akiwaimbia. Nilikuwa nimepata kwenye mtandao mahojiano ya Mkolombia na redio ya kwao, na nilitaka kujua anasema nini mahali ambapo hakutarajia mimi nisikie. Sista akanivutia benchi, akaweka simu sikioni, akafumba macho.

"Anasema walikwenda kwenye mji wa malori," akatafsiri. "Anasema walimtoa mzee nje. Walitupa vyombo vyote."

"Walitupa? Au alitupa?"

Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. "Kihispania ni kama Kiswahili, mama. Mtendaji yumo ndani ya kitenzi. Hasemi 'nilitupa'. Anasema 'tulitupa'. Kila mahali, 'tuli', 'tuli'." Halafu akatabasamu. "Sasa anasema kuna mwanamke aliyekuwa akimwambia toa, toa, mpaka akamchukia."

Nilituma picha ya kitambulisho siku hiyohiyo nikiwa bado kwenye benchi la zahanati, kabla sijafika nyumbani nikashauriwa vingine. Hakuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu. Lakini kwa wiki kadhaa baadaye niliendelea kuangalia.

Kwa mzee wa Adungosi nilikwenda mwenyewe kwa bodaboda, kwa sababu sikutaka asikie kutoka kwa mtu mwingine. Nilimkuta bandani akiwamwagia nguruwe machicha. Nikamweleza. Alimaliza ndoo kwanza.

"Tuzo ya nani?"

"Ya prodyuza, mzee. Mtu aliyetengeneza rekodi."

"Nani alipiga akogo?"

"Ni wewe."

"Nani aliimba?"

"Wewe."

"Basi ninyi wawili mlitengeneza nini?"

Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kuulizwa swali hilo, sembuse mbele ya nguruwe. Nikaanza kueleza habari za maikrofoni, na mahali pa kukaa, na mngurumo wa matrela. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu anayejitetea mahakamani. Mzee alinisikiliza kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko hasira.

"Ilikuwa mbegu za mahindi," akasema. "Sasa ni tuzo." Akaingia ndani.

Niliporudi nilikuwa nimeanza kuishuku tuzo yenyewe. Kwa nini kuwe na zawadi ya mtu aliyekaa nyuma ya kioo? Nilimwandikia Mkolombia nikamuuliza kama kuna tuzo ya mpigaji. Akajibu kwamba ipo ya mwimbaji, ya mtunzi, ya fundi mitambo, ya kila mtu, lakini mzee hakuteuliwa kwa sababu albamu ilihesabiwa ni ya Kihispania, kwa zile nyimbo alizoziongeza huko kwao, na mzee aliimba Kiteso. Alisema samahani. Niliamini kwamba ameona aibu. Sikuamini kwamba hakukuwa na la kufanya.

Hatukushinda. Niliamka asubuhi nikakuta ujumbe mfupi wenye uso unaolia. Alikuwa ameshinda kijana mmoja wa muziki wa disko, mwenye miwani, ambaye hata watoto wangu hucheza nyimbo zake sebuleni. Mume wangu alisema, "Pole," na nilitafuta kwenye sauti yake kama kuna ahueni. Ilikuwepo, kidogo.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini wote walioteuliwa walipewa medali, na Mkolombia akaipeleka yangu Kampala kwa mkono wa mtu, na mpiga ngoma akaibeba kuniletea. Siku aliyofika Malaba alinipigia simu akiwa upande wa kwetu wa mpaka, anahema.

"Nnyabo, mama, wamenishika. Wanasema nimebeba dhahabu."

Nilifunga studio nikaenda kwa miguu, nikipenya kati ya matrela. Pale forodhani nilimwona mpiga ngoma ameketi kwenye kiti cha plastiki, begi lake limemwagwa mezani, na medali iko peke yake juu ya karatasi nyeupe. Ilikuwa ya njano, inang'aa kama kitu cha kuibwa. Afisa alikuwa mwanamke mwenye miwani ya kusomea. Na mbele yake, mgongo kwangu, alisimama mume wangu. Mpiga ngoma alikuwa amewaambia mwenye mali ni mke wa wakala fulani, nao wakamwita.

"Sasa wewe, bosi, unatuambia ni tuzo," afisa alikuwa akisema. "Tuzo ya nini?"

"Ya prodyuza."

"Prodyuza ni nini? Anaimba?"

"Haimbi."

"Anapiga chombo?"

"Hapigi."

"Basi anafanya nini mpaka apewe dhahabu?"

Nilisimama pale mlangoni. Ningeweza kuingia nikajibu, lakini nilitaka kusikia.

"Si dhahabu, madam, ni rangi. Pima uone," mume wangu akasema. Halafu akakuna shingo, kama anavyofanya akiwa na mzigo ambao karatasi zake hazilingani. "Watu wanakuja kwa mke wangu wanaimba, na wewe ukisikia unasema ni sawa. Yeye anasema rudia. Wanarudia. Anasema hapana, sogea huku, geuka, usiimbie hiki chuma, mwimbie mamako. Watu wanakasirika. Nimeona mwenyekiti wa kwaya akitoka na kutupa kofia. Halafu wanarudia mara ya mwisho na yule mwenyekiti analia. Sijui anasikia nini. Mimi nikipita kumletea chakula nakaa pale nje nasikiliza, na kila mara naona ile ya kwanza ilikuwa tayari. Na kila mara nakosea."

Afisa alivua miwani. "Kwa hiyo ni mtu wa kukataa."

"Ndiyo. Ni mtu wa kukataa."

Sikuwahi kujua kwamba hukaa pale nje. Nilidhani huweka chakula na kuondoka.

Walipima ile medali, wakaikwaruza kidogo pembeni, wakaona shaba chini ya rangi, wakatuachia. Mume wangu alipogeuka na kuniona, aliona haya akasema tu kwamba begi la mpiga ngoma lina zipu mbovu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Adungosi wote wawili. Nilimpa mzee ile medali mkononi. Akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha palepale forodha walipokwaruza, akaipima uzito kwa kuirusharusha.

"Nyepesi," akasema.

"Ni shaba, mzee."

"Najua ni shaba." Akaitazama muda mrefu. "Inaweza kulala hapa kidogo? Niwaonyeshe wale wa redio."

Nikamwambia inaweza. Njiani kurudi, tulipofika lami, mume wangu akauliza.

"Na asipoirudisha?"

"Asipoirudisha, basi."

Akatikisa kichwa. Hakuipenda biashara ile, lakini hakubisha. Mpaka leo medali iko Adungosi, na kila tukikutana na mzee sokoni huniambia bado kuna mtu mmoja hajaiona.