Petro wa Daudi aliyeenda Japani kuserereka

Akili yangu imegoma. Jana tumemzika Petro kijijini kwao Daudi, na leo asubuhi nimefika gereji nikamimina chai yake kwenye kikombe.

Kwa wasiomjua: Petro alikuwa fundi injini hapa Mbulu mjini, mimi fundi rangi. Siku za mnada alipakia majirani zake na vitunguu swaumu vyao kwenye pickup yake kuukuu. Masika ile barabara ya Daudi ni utelezi mtupu, na upande mmoja ni korongo.

Alikuwa mgonjwa wa drifti. Lunch nzima ni video za Wajapani wanaserereka kwenye kona, matairi yanafuka moshi. Boss akifoka kwamba customer anasubiri, Petro anamjibu yuko kwenye training.

Akaamua akaone kwa macho yake. Akauza maksai wake, akaomba leave, akaenda. Baba yake alijua kijana anafuata gari. Aliporudi na begi tu, mzee alimtazama akasema, "Umefika kwenye magari yanakotoka, umerudi na basi?" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Voice notes zake za kule bado ninazo. Alishinda kwenye gereji moja ya kuongeza magari nguvu, akashangaa fundi anafuta kila spana kabla ya kuirudisha mahali pake. Akatuletea hiyo tabia huku, tukamsema sana. Siku hizi tunafuta wote.

Siku ya somo kwenye uwanja wa drifti akakaa kwenye usukani, pembeni yake mwalimu, mzee wa Kijapani. Petro akamwamkia shikamoo, akasubiri. Mzee akainama, Petro akaihesabu hiyo kuwa marahaba.

Gari likaanza kuserereka. Mwalimu anamwonyesha kwa mkono akanyage mafuta. Petro akaachia mafuta, akanyoosha usukani, akapaza sauti, "Shikeni!" Ndivyo anavyowaambia abiria wa nyuma kule Daudi pickup ikianza kuteleza. Kile kigari kilikuwa na viti viwili tu.

Alijaribu siku nzima, kila kona ni "Shikeni!" Mpaka mwalimu naye akawa anaitikia "Shikeni!", akidhani ndivyo tunavyoanza kona kwetu. Hakupata hata kona moja.

Alitusimulia akicheka, lakini lilimuuma. Alikuwa anajipanga kurudi, figo zikamkamata.

Mara ya mwisho nilipomtembelea hospitali hakulalamikia maumivu. Aliniambia, "Kaka, nilienda mbali kote kule, mguu ukanikatalia. Natamani ningeserereka hata mara moja."

Nikamwambia atapona, atarudi kule. Inaniuma mpaka sasa.

Jana mvua ilinyesha, magari yakakwama kule chini. Akina mama wa vitunguu walipanda kwa miguu kwenye tope, vitenge mabegani, mmoja ana mjukuu mgongoni. Huyo ndiye aliyeshika msalaba wa kaburi akasema, "Masika yote hayo, huyu kijana hakutuangusha hata mara moja."

Petro, jibu lako lilikuwa hilo, na limekuja umeshaondoka. Mguu wako haukukukatalia, kaka. Ulikuwa umebeba watu.

Wameshuka wote salama. Nawe pumzika sasa.