Nilivyopima maandazi ya mama kwa gramu, nusura akose kazi

Habari za jioni wakuu. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mahali nilipokosea nitasema nilikosea.

Katikati ya miaka ya tisini tuliishi Mirongo, Mwanza. Viwanda vilikuwa vinabinafsishwa, na kile alichofanyia kazi mama kikapunguza watu. Akaanza kupika maandazi na kuwauzia abiria wa kivuko cha Kamanga. Harufu ya iliki iliniamsha kila siku. Mpaka leo nikiisikia, narudi kwenye jiko lile.

Kikafunguliwa kiwanda cha minofu ya sangara, wakatafuta mpishi wa canteen. Sharti moja: kila kitu kiandikwe kwa uzito, kwa sababu stoo ilitoa vitu kwa kilo.

Mama hakujua kilo. Alikuwa na kikombe cha bati cha bluu, kimebonyea ubavuni. Unga vikombe kumi, maji vitatu, sukari kimoja na nusu. Basi.

Mimi nilikuwa nimemaliza form four, nasubiri matokeo. Nikaazima mzani dukani kwa jirani. Nikasawazisha unga kwa kisu kama tulivyofundishwa kwenye sayansikimu, nikapima: gramu 180. Mara kumi, kilo moja na gramu mia nane, nikaandika kwenye karatasi.

(Najua wakuu, kikombe cha maji na cha unga havilingani uzito. Hapo sikukosea.)

Siku ya interview nikamsindikiza. Mtunza stoo, baba mmoja mpole, akapima kila kitu kwa kufuata karatasi yangu. Mama akakanda. Unga ukawa unanata vidoleni. Akapeleka mkono kwenye kiroba cha unga, mtunza stoo akamzuia.

"Mama, wako umeisha. Karatasi inasema hapa."

Akakanda tena. Mkono ukaenda tena kwenye kiroba, akaurudisha mwenyewe. Ukaenda mara ya tatu.

Maandazi yakatoka bapa, yamenyonya mafuta. Msimamizi wa canteen akauma moja, akaliweka chini.

"Haya ndiyo yanayosifiwa Kamanga?"

Mama akawa anakunja kanga yake, anakunjua, anakunja. Nikamvuta pembeni.

"Mama, baada ya vikombe kumi huwa unaongeza nini?"

"Siongezi kitu."

"Mkono wako umeenda kwenye kiroba mara tatu."

"Aa, ile? Ile siyo kipimo. Ile ni nyongeza."

Waliokulia kanda ya ziwa wananielewa. Ukinunua dagaa kwa kopo, muuzaji akishajaza anatupia konzi moja juu. Bila hiyo huondoki, na hakuna anayeihesabu. Mama alikuwa anajiwekea nyongeza kwenye unga wake mwenyewe, miaka yote, na mimi nimekua naiona bila kuiona.

Mtunza stoo alitusikia, akacheka mpaka akaegemea mzani. "Bosi, huyu mama anajiuzia na kujiongezea. Mpe nafasi nyingine."

Tukapima konzi zake tatu: gramu mia mbili. Safari hii maandazi yakaumuka, na msimamizi akala matatu akiwa amesimama. Mama akapata kazi.

"Sasa binti, andika kilo mbili tuishie hapo," mtunza stoo akaniambia.

Mama akakataa. "Andika kilo moja na mia nane. Chini yake andika nyongeza."

Funzo nililopata: ukitaka kugeuza vipimo vya mzazi wako kuwa gramu, usimuulize. Weka bakuli juu ya mzani, mwache apike, usome mwenyewe.

Mama alishatangulia. Mimi nina mzani wa digital, na najua kuwa jumla ni kilo mbili. Lakini bado napima 1800, nasimama kidogo, halafu naongeza konzi tatu kwa mkono.

Nyumbani kwenu kipimo kilikuwa kikombe gani, na mkono wa nani ulikuwa unaongeza? Andikeni hapa chini, nitasoma zote.